Sura ya Sita: Harufu ni Mbolea Inayotoroka

Udongo wa Izigo, mkoani Kagera, haukuzaliwa mweusi. Ukiacha barabara ya lami iendayo Bukoba kutoka Muleba na kupanda hadi kwenye rweya, yale mapori ya nyasi yasiyolimwa, utauona udongo wa eneo hili ulivyo kwa asili: mwepesi, wenye mchanga, uliooshwa na mvua za Ziwa Viktoria kwa karne nyingi hadi chakula cha mimea kikazama chini pasipofikiwa na mizizi. Rudi sasa kibanjani, yaani kwenye shamba linalozunguka nyumba, chini ya migomba na mibuni. Hapo unachota udongo mweusi, laini, wenye minyoo. Umbali kati ya sehemu hizo mbili huenda usifike hata mita mia, na mvua inayonyesha juu yake ni ileile. Tofauti ililetwa na mikono ya watu na kwato za mifugo.

Kwa vizazi vingi Wahaya, wenyeji wa eneo hili, walichunga ng'ombe rweya mchana na kuwarudisha nyumbani jioni, na kilicholiwa mbugani kikawa samadi kibanjani. Nyasi za rweya zilikatwa, zikatandikwa sakafuni mwa nyumba, na zilipochakaa zikatandazwa chini ya migomba. Rutuba ya eneo kubwa ilikusanywa kwenye eneo dogo. Ndiyo maana mtaalamu yeyote wa kilimo anayefika Kagera hutaja ng'ombe na mgomba kwa pumzi moja.

Uhusiano huo umedhoofika. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, Kagera ikiwemo. Baadaye watu waliongezeka, malisho yakapungua, miti ya mbao ikapandwa kwenye sehemu za rweya, na leo kaya nyingi zina kibanja bila kuwa na ng'ombe. Kisha mnyauko wa bakteria, uliothibitishwa wilayani Muleba mwaka 2006, ukaipiga migomba ambayo tayari ilikuwa na njaa. Nguruwe ameingia kwenye pengo hilo. Hahitaji malisho, hula mabaki ya shambani na jikoni, huzaa watoto wengi kwa mara moja, na baada ya miezi michache anapelekwa sokoni kulipa ada ya shule. Lakini anakuja na harufu, na kwa sababu ya harufu hiyo watu wengi humwona kama mnyama wa kuvumiliwa tu, huku samadi yake ikiachwa nyuma ya banda igeuke tope.

Hoja ya sura hii ni kwamba harufu kali ya banda la nguruwe ni mbolea inayotoroka. Mfugaji anayeidhibiti analinda mapafu ya wanyama wake, anaheshimu pua ya jirani yake, na kwa kazi hiyohiyo analisha kibanja chake. Na vifaa vikuu vya kazi hiyo, yaani nyasi kavu, koleo na mfereji, Izigo inavyo tayari.

Harufu inatoka wapi

Mkojo wa nguruwe una urea, na humo ndimo ilimo zaidi ya nusu ya nitrojeni yote anayoitoa mwilini. Urea yenyewe haina harufu. Kinyesi kwa upande wake kina bakteria wenye kimeng'enya kiitwacho urease. Mkojo na kinyesi vinapokutana sakafuni, kimeng'enya hicho huivunja urea na kuigeuza amonia, ile gesi inayochoma macho. Kazi huanza ndani ya saa chache, na baada ya siku moja au mbili sehemu kubwa ya urea imekwisha kuvunjwa. Kinachobaki kutokea kinategemea mazingira: joto likizidi, sakafu iliyolowa ikiwa pana, na tope likiwa na hali ya alkali, amonia hupaa kwa kasi zaidi.

Chanzo cha pili ni samadi iliyozama kwenye maji. Hewa ikikosekana, bakteria wasiohitaji oksijeni huchukua nafasi. Hao ndio hutengeneza sulfidi ya hidrojeni yenye harufu ya yai viza, asidi zenye harufu ya siagi iliyochacha, na skatoli, kemikali ya kinyesi ambayo daktari Mjerumani Ludwig Brieger aliitambua mwaka 1877. Harufu inayofika kwa jirani wa tatu kwa kawaida ni mchanganyiko huu wa pili, kwa sababu pua ya binadamu huutambua hata ukiwa kidogo sana hewani.

Tuhesabu hasara. Nguruwe mmoja wa kunenepeshwa, akilishwa vizuri, hutoa takribani kilo 10 za nitrojeni kwa mwaka kupitia mkojo na kinyesi. Mfuko wa urea wa kilo 50 unaouzwa kwenye duka la pembejeo una kilo 23 za nitrojeni. Kwa hiyo nguruwe wawili au watatu wanakaribia kutoa mfuko mzima kila mwaka, pamoja na fosforasi na potasiamu ambazo mgomba unazipenda na ambazo hazimo kabisa kwenye mfuko ule. Mfugaji akiacha tope likauke juani na kulowa mvuani, sehemu kubwa ya nitrojeni hiyo itapaa hewani au kuteremka na maji kabla haijaufikia mgomba hata mmoja.

Mapafu ya nguruwe na ya anayemlisha

Nguruwe huishi pua yake ikiwa sentimita chache tu juu ya sakafu, mahali hasa gesi inapotokea. Amonia huharibu vinyweleo vidogo vinavyosafisha njia ya hewa, na vinyweleo vikishindwa, bakteria wa nimonia hupata mlango. Mwaka 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwaweka nguruwe wachanga kwenye hewa yenye amonia ya viwango tofauti. Walipovuta sehemu 50 kwa milioni, ukuaji wao ulipungua kwa asilimia 12. Kwa sehemu 100, ulipungua kwa asilimia 30. Mfugaji anayelalamika kwamba nguruwe wake wanakula bila kunenepa aanze kwa kuichunguza hewa ya banda kabla hajabadilisha chakula.

Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanapendekeza mtu asivute zaidi ya sehemu 25 kwa milioni kwa wastani wa siku nzima ya kazi. Huku kwetu anayelisha na kufagia banda mara nyingi ni mama wa nyumbani, au mtoto kabla ya kwenda shule, na mtoto ana mapafu madogo yanayopumua haraka. Kipimo cha amonia ni ghali, lakini zipo njia mbili zisizogharimu kitu. Asubuhi, kabla banda halijafagiliwa, ingia, chuchumaa hadi uso wako ulingane na wa nguruwe, kisha pumua kwa kawaida. Macho yakiwasha au koo likikereketa, hewa hiyo haimfai mnyama aliyelala humo usiku kucha. Njia ya pili ni kumuuliza mgeni. Pua ya mfugaji huzoea haraka, na baada ya wiki chache haimwambii tena ukweli.

Vumbi nalo ni sehemu ya tatizo. Pumba kavu inapomwagwa horini hutimka, na chembe zake hubeba kemikali za harufu hadi ndani ya mapafu na nje ya banda. Kulowesha pumba kwa maji kidogo kabla ya kulisha hupunguza vumbi na huokoa chakula.

Majivu na nia njema

Katika vijiji vingi, harufu ikizidi watu huchota majivu jikoni na kuyanyunyiza juu ya tope. Harufu ya yai viza hupungua kweli, na sakafu huonekana kavu. Lakini majivu, kama chokaa, ni alkali kali, na alkali ndiyo inayoisukuma amonia itoke kwenye maji na kupaa. Anayemwaga majivu kwenye mkojo na kinyesi kibichi anafungulia mlango nitrojeni aliyotaka kuitunza, na nguruwe wake huvuta gesi hiyo.

Majivu yana thamani kubwa, hasa kwa potasiamu yake na kwa udongo wenye asidi wa ukanda wa ziwa. Mahali pake ni kibanjani moja kwa moja, yakitandazwa kidogokidogo kuzunguka migomba, mbali na samadi mbichi. Majivu na samadi ni vitu vyema vyote viwili, ila kila kimoja kina wakati wake. Pua inayotafuta nafuu bandani ipewe nyasi kavu, maranda ya mbao au maganda ya kahawa yanayobaki baada ya kukoboa robusta. Hivyo vyote hunyonya mkojo na huwapa bakteria kaboni ya kujengea miili yao, na nitrojeni hubaki imefungwa ndani yao badala ya kupaa.

Mvua, mteremko na upepo

Ukanda wa ziwa kati ya Bukoba na Muleba ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Bukoba mjini hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo vita ya kwanza dhidi ya harufu inapiganwa juu ya paa. Bati lisilofika nje ya ukuta, au paa la nyasi linalovuja, hugeuza banda kavu kuwa kinamasi kwa usiku mmoja wa masika. Paa litokeze angalau nusu mita nje ya ukuta, mfereji wa juu ukinge maji ya mvua, na mtaro uchimbwe upande wa mlima ili maji yanayoteremka yalizunguke banda bila kulipitia. Maji safi ya paa yakichanganyika na samadi, kiasi cha tope cha kushughulikia huongezeka mara kadhaa na rutuba yake haiongezeki hata chembe.

Sakafu ya zege iwe na mteremko wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, kuelekea mfereji ulio nje ya sehemu ya kulala. Kazi ya mfereji ni kuutenga mkojo na kinyesi mapema. Mkojo ukitiririka hadi kwenye ndoo au kishimo kilichofunikwa, na kinyesi kikaondolewa kwa koleo kila asubuhi na jioni, kimeng'enya na urea havipati muda wa kukutana. Hakuna dawa ya dukani inayoizidi kazi hii. Nguruwe mwenyewe husaidia: akipewa nafasi ya kutosha, huchagua kona moja yenye unyevu ya kujisaidia na hulala mahali pakavu. Weka maji ya kunywa upande wa mfereji, mahali pa kulala upande wa pili, naye atafuata mpangilio huo. Akibanwa na wenzake, atachafua kila mahali.

Hofu ya wezi na ya baridi huwafanya wengine kujenga kuta hadi juu. Hali ya hewa ya Bukoba ni ya wastani, na mnyama mkubwa mwenye matandiko makavu hahitaji kufungiwa. Ukuta wa mita moja, juu yake mbao zilizoachana au wavu imara, na uwazi karibu na kilele cha paa, huiruhusu hewa ya moto yenye unyevu kutoka juu. Vitoto vinavyonyonya ndivyo vinavyohitaji kona iliyokingwa na upepo.

Upepo wenyewe una ratiba. Mchana ardhi ikipata joto, hewa huvuma kutoka ziwani, mashariki, kuelekea bara. Usiku hugeuka. Isitoshe, usiku tulivu hewa baridi huteremka polepole kufuata mabonde na kuibeba harufu karibu na ardhi. Kabla ya kuchimba msingi, simama mahali hapo mchana, kisha urudi baada ya jua kuzama, ukiangalia moshi wa jikoni unakoelekea. Nyumba iliyo bondeni chini ya banda ndiyo itakayopata harufu saa za kulala, hata kama mchana haisikii chochote.

Matandiko na lundo

Nchini Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, wapo wafugaji wanaotumia banda la matandiko mazito: nyasi, maranda au maganda ya kahawa yakijazwa hadi kimo cha nusu mita au zaidi, nguruwe wakiyachimbua kwa pua zao na kuyachanganya na samadi. Bakteria wanaopenda hewa huivunja samadi humohumo, na harufu inakuwa ndogo sana. Mfumo huu unafaa pale tu matandiko yanapobaki makavu juu, kila nguruwe mkubwa anapopata kama mita ya mraba moja na nusu, na sehemu zilizolowa zinapogeuzwa na kuongezewa malighafi kavu. Paa likivuja au wanyama wakizidi, matandiko hugeuka tope lenye kina, nalo hunuka kuliko sakafu ya kawaida.

Kwa kaya ya Izigo yenye nguruwe wawili au watatu, njia ya kati mara nyingi inatosha: matandiko membamba mahali pa kulala, yanayobadilishwa kila yanapolowa, na lundo la mboji pembeni. Samadi ya nguruwe ina nitrojeni nyingi ikilinganishwa na kaboni, kwa hiyo ikirundikwa peke yake hunuka na kupoteza. Kwa kila ndoo moja ya kinyesi weka ndoo mbili au tatu za nyasi kavu, majani makavu ya migomba na maganda ya kahawa, tabaka juu ya tabaka. Lundo lifike angalau mita moja kwa urefu, upana na kimo. Likiwa dogo zaidi halishiki joto. Minya konzi moja ya mchanganyiko: yakidondoka matone machache tu, unyevu unatosha. Mkojo uliokingwa umwagwe juu ya lundo likiwa kavu.

Ndani ya siku chache lundo linapata joto. Likifika nyuzi 55 za Selsiasi na kukaa hapo kwa siku kadhaa, mayai mengi ya minyoo, mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa hufa. Kingo za lundo hazifikii joto hilo, ndiyo maana hugeuzwa baada ya wiki mbili hivi, kingo zikiingia katikati. Lifunike kwa nyasi za unene wa kiganja kilichonyooshwa: tabaka hilo huzuia mvua na huchuja gesi zinazotaka kupaa. Baada ya miezi mitatu au minne unachota mboji nyeusi yenye harufu ya udongo wa msituni. Ichimbie kuzunguka mgomba, umbali kidogo kutoka shina, kisha urudishie matandazo juu.

Tahadhari mbili hapa. Majani na mashina kutoka kibanja chenye mnyauko yasiletwe bandani, kwa sababu kuhamisha mabaki ya mgomba mgonjwa ni kuhamisha ugonjwa. Na nguruwe wakianza kufa ghafla kwa homa, samadi isitoke kabisa nje ya boma hadi afisa mifugo afike. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, husafiri kwenye nyama, damu, kinyesi, viatu na koleo la kuazima, na inaweza kumaliza kundi zima.

Harufu huanzia horini

Protini ambayo mwili wa nguruwe haukuitumia hutoka kama urea kwenye mkojo. Majaribio mengi ya lishe yameonyesha kwamba ukipunguza protini ghafi ya chakula kwa kila pointi moja ya asilimia, huku mnyama akiendelea kupata amino asidi anazohitaji, amonia inayotoka hupungua kwa karibu asilimia 10. Karibu na ziwa, dagaa ndio protini iliyo karibu, na mfugaji hushawishika kuwamwaga kwa wingi pindi bei ikishuka. Nguruwe mkubwa anayekaribia kuuzwa hahitaji protini nyingi kama kitoto kilichoachishwa kunyonya hivi karibuni. Kumpa dagaa kupita kiasi ni kununua samaki na kuwageuza gesi. Majani ya viazi vitamu na mabaki mengine yenye nyuzi husaidia kwa njia nyingine: bakteria wa utumbo mpana hukua kwa kula nyuzi hizo, na sehemu ya nitrojeni hutoka imo kwenye kinyesi, ambako haipai haraka kama ile ya mkojo.

Shimo linaloua na mtambo unaopika

Kuna mahali ambapo hewa ya samadi haitoi nafasi ya kujifunza. Shimo lenye kina, lililofunikwa na kujaa tope, hukusanya sulfidi ya hidrojeni na methani, na oksijeni hupungua. Sulfidi ya hidrojeni ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa kunusa, na mtu hudhani gesi imekwisha wakati ndiyo kwanza imezidi. Tope likikorogwa, gesi hutoka kwa kishindo. Julai 2007, katika jimbo la Virginia, Marekani, watu 5 walikufa kwenye shimo la samadi la shamba la ng'ombe, 4 kati yao wa familia moja, mmoja akiingia kumwokoa mwingine. Aliyeanguka shimoni haokolewi na mtu anayeshuka bila hewa yake mwenyewe na kamba. Kwa mfugaji mdogo jibu salama ni kutochimba shimo la namna hiyo kabisa.

Samadi ikiwa nyingi, mtambo wa biogesi hufunga gesi mahali inapofaa kuwa. CAMARTEC, kituo cha serikali cha teknolojia za kilimo na vijijini jijini Arusha, kilianza kueneza mitambo ya kuba miaka ya 1980, na mwaka 2009 ulianza mpango wa taifa wa biogesi majumbani uliosimamiwa na taasisi hiyo. Tope linalotoka mtamboni hunuka kidogo kuliko samadi mbichi, ila nitrojeni yake iko tayari kupaa, kwa hiyo liingie kwenye mfereji wa kibanjani na kufunikwa matandazo siku hiyohiyo.

Jirani na ziwa

Katika vijiji vya Kagera nyumba ziko ndani ya vibanja, na vibanja vimepakana. Waislamu na Wakristo wanaishi ua kwa ua, wanazikana na kusaidiana. Kwa Mwislamu, harufu ya nguruwe inaingia mahali pa sala na pa chakula. Kumwendea mzee wa nyumba jirani kabla ya kujenga, kumwonyesha mahali utakapoweka banda na kusikiliza atakachosema, ni adabu ambayo nafasi yake haiwezi kuchukuliwa na sheria yoyote. Sheria nayo ipo: Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya uwezo wa kushughulikia kero, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Samadi inayotiririka hadi ziwani hulisha magugumaji, na rutuba hiyo kibanja hakitaiona tena.

Mfugaji mwenye fedha kidogo aanze kwa mpangilio huu: kwanza azuie mvua kwa paa na mtaro, kisha aondoe kinyesi mara mbili kwa siku, kisha ajenge lundo lenye nyasi kavu za kutosha. Zege, wavu na mtambo vitafuata mauzo ya kwanza. Hatua hizo tatu hutumia jasho kuliko shilingi, na ndizo zinazoondoa sehemu kubwa ya harufu. Wazee waliojenga udongo mweusi wa Izigo hawakuwa na mfuko wa urea wala mfereji wa zege. Walihakikisha tu kwamba kilichotoka kwa mnyama kinafika chini ya mgomba, na mfugaji wa nguruwe wa leo ana wajibu uleule.